Mngoje Mwenzako

Bariadi, Jumapili alasiri. Januari hii imeingia na jua la kuunguza. Kila mchana wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, linatutia moyo, halafu linajiendea zake. Pamba za majirani zimeota kwa kusitasita. Kichwa kinaniuma tangu jana, na tumboni hakuna cha maana zaidi ya chai ya rangi.

Ndani kuko kimya, sauti ni moja tu kutoka uani. Nyumba yenye mapacha wa kike wa miaka kumi haijui kukaa kimya, kwa hiyo kimya hiki kinanipigia kelele.

Kulwa hayupo. Baba yake amempeleka Mwanza, shule ya bweni. Jana amerudi na Doto peke yake.

Nianzie nyuma kidogo, maana nikianzia hapo nitalia tu na sitaandika kitu.

Kwa wachache mnaopita hapa na hamnijui: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Lushoto. Nilipangiwa kazi huku Simiyu nikiwa msichana, nikasema nitakaa kidogo kisha niombe uhamisho. Nikaolewa na Msukuma, uhamisho ukafa kifo chake. Mume wangu ananunua dagaa Lamadi na kuwapeleka masokoni, kwa hiyo siku za kazi analala huko huko ziwani. Tunamwona mwisho wa wiki, ananuka dagaa, na kicheko chake kinafika mlangoni kabla yake. Tulipojaliwa mapacha sikuulizwa majina. Huku wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, basi, hata kama ulikuwa umeshamwahidi bibi yako jina.

Na mapacha wana masharti yao. Mama mkwe wangu, ambaye sote hapa tunamwita Mayu, yaani mama, alikuja kutoka Mwamapalala wiki waliyozaliwa na kunipa masharti hayo nikiwa hata kukaa siwezi vizuri. Anachopata mmoja apate na mwenzake. Ukinunua gauni, nunua mawili yanayofanana. Ukimbeba huyu, mbebe na yule. Ukimpendelea mmoja, alisema, mwenzake anaona wivu, anaondoka. Kuondoka maana yake kufa. Mimi Msambaa wa watu niliitikia kwa heshima, moyoni nikasema haya ni mambo ya wazee. Sasa jiulize kama tangu siku ile nimewahi kununua ndala pea moja katika nyumba hii. Sijawahi!

Shida ni kwamba Mungu mwenyewe hakuyafuata masharti ya Mayu.

Kulwa alipewa kichwa chepesi. Alianza kusoma kabla hatujamfundisha, kwenye mifuko ya sukari na makaratasi ya sabuni. Doto alifika darasa la tatu herufi bado zinamkimbia. Jamani, si mjinga. Doto ndiye anayejua kuku yupi anataga wapi. Ndiye anayewasalimia wazee wa mtaa, mwangaluka, mwangaluka, mmoja mmoja, hadi wanamwombea baraka. Ndiye atakayekwambia dagaa hawa walinyeshewa mvua, kabla hujawatia mdomoni. Ila mwekee ukurasa mbele yake, anaganda.

Mtoto wa mwalimu. Hebu fikiria. Walimu wenzangu hawakunisema mbele yangu, na ukiona walimu hawasemi mbele yako, ujue nyuma wanasema hadi mate yanawakauka.

Kwa hiyo nilimkazania. Tuisheni asubuhi kabla ya shule, tuisheni jioni. Wakati wa kula niliuliza tebo, na asiyejibu alisubiri nyama. Nilimchapa pia, sitaki kupaka rangi hapa. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyolelewa sote, na mkono wangu uliamini hivyo kuliko hata kichwa changu.

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimeanza, mwalimu wao alimwita Doto mbele asome ubaoni. Akajikojolea mbele ya darasa zima. Kulwa ndiye aliyevua sweta lake, akamfunga mwenzake kiunoni, wakatoka wote wawili bila kuomba ruhusa, wakaja nyumbani. Mimi nilikuwa chumba cha pili kutoka hapo, nafundisha hesabu za sehemu, wala sikujua.

Siku hiyo niliacha.

Sikuwa na mpango wowote wala kitabu cha kunielekeza. Nilijua tu nisichotaka kukiona tena. Kwanza niliacha kuchapa nyumbani. Baba Kulwa alicheka sana aliposikia, akasema, "Sasa watakuogopa kwa lipi?" Baadaye nikaondoa tuisheni ya jioni, halafu na ya asubuhi. Kisha nikaondoa maswali mezani, anayekula ale. Kila nilipoondoa kitu nilikaa na hofu kwa wiki nzima kabla ya kuthubutu kingine. Nilikuwa kama mtu anayefungua mlango wa zizi usiku, hajui kilichomo ni ng'ombe au fisi.

Ulipofika msimu wa viazi tukapata mtindo wetu. Jumamosi tunakaa uani na beseni, tunamenya viazi na kuvikata vya michembe ya kuanika juani, na mmoja wetu anasoma kwa sauti wakati wengine wanakata. Ukurasa mmoja tu. Hakuna kuhimizana. Doto akikwama kwenye neno, tunakaa nalo hapo hapo, tunaendelea kumenya. Kuna siku mstari mmoja ulitufikisha mwisho wa beseni.

Nusura nife. Mimi ni mtu wa haraka jamani, hata kusali nasali nimeshavaa viatu. Nilikuwa naushika mdomo wangu kwa nguvu zote za mbinguni nisiseme lile neno analolitafuta.

Aliyeshindwa kabisa kushika mdomo ni Kulwa. Hawezi kumwona mwenzake anahangaika. Doto akisita tu, Kulwa ameshajibu, na Doto ameshajifungia ndani yake. Basi nikamkalisha Kulwa, nikamwambia: mngoje mwenzako. Ukijua jibu, nyamaza. Mngoje afike, mtasema pamoja. Nilimwambia hivyo Jumamosi ile na nyingine, nikamwambia jikoni, nikamwambia njiani kwenda kisimani. Hakuna maneno niliyoyarudia mwaka jana kuliko hayo.

Na alitii. Ungemwona! Alikuwa anang'ata mdomo wa chini, anaangalia bati la jikoni, miguu inamcheza kwa kujua. Doto anakuja taratibu, kidole kwenye karatasi, silabi kwa silabi, anafika. Wanalitaja neno kwa pamoja, halafu wanaangua kicheko hadi kuku wanatawanyika. Nikikumbuka furaha ya mwaka jana, ndiyo hiyo, sina nyingine.

Pamba zilipokwisha kuvunwa Doto alikuwa anasoma sentensi nzima. Kufikia mwezi wa tisa alisoma habari fupi ya kuku na mwewe, mwanzo hadi mwisho. Taratibu sana, lakini mabega yake yalikuwa chini na sauti haitetemeki. Aliacha pia kukojoa kitandani. Mimi nikamshukuru Mungu kwa godoro kavu kuliko kwa habari ya mwewe.

Nyie mnadhani baba yao alifurahi? Alikuwa anakuja Jumamosi, anakaa kwenye kigoda, anasikiliza neno moja linavyokokotwa, anaangalia jua. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu papo hapo, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Mama Kulwa." Lakini si mtu mbaya. Aliishia darasa la saba, na tangu hapo amekuwa akilowa maji ya ziwa hadi magoti. Hataki watoto wake waje kuishi kwa kunusa dagaa. Alinipa hadi upimaji wa darasa la nne, akasema upimaji ukipita tutaona.

Hapa niseme na lingine, maana hii ni shajara na siyo mahubiri. Shuleni kwangu sikubadilika. Darasa langu lina watoto hadi kwenye kingo za madirisha, na mtaala hauniulizi kama kuna aliyekwama. Siku za shule nilikuwa nachapa watoto wa wenzangu, Jumamosi namenya viazi polepole na wa kwangu. Mama mmoja aliniambia mwanawe ananiogopa kuliko radi. Nilicheka naye, tukaagana.

Upimaji ukapita. Matokeo yakatoka baada ya mwaka mpya, yakaanza kuzunguka kwenye kundi la walimu kwenye simu. Doto amefeli. Hilo nilishalitayarisha moyoni, na soda ya kumpongeza kwa kujaribu nilikuwa nimeshaiweka.

Kulwa naye amefeli.

Nikasema wamekosea namba. Nikaangalia tena. Masomo yote, chini kabisa, kama mtu ambaye hakuingia chumba cha mtihani. Mtoto ambaye kwenye majaribio ya shule alikuwa akiongoza! Nikaenda hadi kwa mwalimu wao wa darasa, naye akabaki anakuna kichwa. Akasema siku za upimaji Kulwa alikuja, alikaa, hakuumwa, hakulia.

Nilimkuta jikoni anachochea kuni chini ya maharage. Nikamuuliza kwa upole, nashukuru nilikuwa bado na upole. Hakuinua macho.

"Mama, si ulisema nimngoje?"

Nikavuta kigoda, nikakaa.

Akanieleza, na alieleza vizuri, kama kawaida yake. Doto alikaa mbele yake. Aliuona mgongo wake. Yeye aliandika jina na namba, kisha akaweka penseli chini akamwangalia mwenzake. Doto anaandika, anafuta. Anaandika, anafuta. Kulwa akaendelea kumngoja afike. Muda ukaisha. Mtihani uliofuata akamngoja tena. Na uliofuata.

Nikamwambia, mwanangu, lakini huo ulikuwa mtihani, kila mtu na wake. Ndipo akaniangalia, akasema, "Mayu alisema mmoja akipata zaidi, mwenzake anaondoka. Mimi nikienda la tano na Doto akabaki, si ataondoka?"

Mtoto wa miaka kumi. Alikaa kwenye chumba cha mtihani, majibu yote anayajua, akiamini kwamba akiyaandika atamuua pacha wake. Na hakumwambia mtu, kwa sababu aliona sisi wakubwa tumeshakubaliana. Mimi na Mayu hatujawahi kukubaliana hata ugali usongwe mgumu kiasi gani. Bila kujua tulikuwa tumemfundisha mtoto yule somo moja, kila mmoja kwa upande wake, na yeye akaliunganisha.

Nilimwambia Mayu. Alikuwa hapa tangu Krismasi. Alijifunika uso kwa kanga. Halafu akasema yeye alisema kuhusu nguo na chakula, hakusema kuhusu shule. Mimi pia nilisema kuhusu viazi na kitabu cha Jumamosi, sikusema kuhusu upimaji. Watoto hawatenganishi hivyo.

Baba Kulwa alikuja katikati ya wiki, kitu ambacho hafanyi hata akiugua. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikaa, akavua kofia, akasema taratibu kabisa:

"Mama Kulwa, nilikupa mmoja mgonjwa umtibu. Umenirudishia wagonjwa wawili."

Nimefundisha miaka mingi, nimejibu wakaguzi, nimejibu wazazi walevi. Yeye nikamtengea chakula.

Akaamua bweni. Mwanza, shule ya Kiingereza, mbali na viazi vyangu. Wote wawili. Hata akiwa na hasira bado ni Msukuma na bado ni baba wa mapacha, kwa hiyo alikwenda dukani akarudi na matranka mawili ya bati, magodoro mawili, ndoo mbili, mashuka mawili ya maua yale yale. Akamwandikisha fundi majina yao juu ya matranka kwa rangi nyeupe. Nilijaribu kumwambia Doto hajawa tayari, kwamba ndio kwanza anaota, kwamba ukimng'oa sasa atakauka. Akanisikiliza hadi mwisho, nampa haki yake. Akasema, "Wakiwa wote huko, hakuna wa kumngoja mwingine. Wote watakimbia." Mayu akamuunga mkono, maana aliona hawatenganishwi. Kura zilikuwa mbili kwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyoleta balaa.

Wameondoka Alhamisi alfajiri. Mimi nilibaki kwa maandalizi ya kufungua shule. Nilisuka nywele za wote wawili mtindo mmoja, nikawafungia michembe ya kutafuna njiani. Walikuwa wamechangamka, wanabishana nani atalala kitanda cha juu.

Yaliyofuata nimeyasikia jana kutoka kwa baba yao. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, viatu hajavua, akanieleza akiangalia chini.

Kabla ya kupokelewa walifanyishwa mtihani. Yeye alimshika Kulwa bega, akamwambia andika yote unayoyajua, usimwangalie mtu, mwenzako naye anaandika yake, mnaingia wote. Hakumdanganya. Mume wangu si mwongo. Aliamini kabisa kwamba mzazi aliyeleta watoto wawili na matranka mawili atapokelewa watoto wawili. Kwa biashara yake ndivyo ilivyo, mzigo unapokelewa wote au unarudi wote.

Kulwa akaandika yote. Doto akaandika jina lake tu, kwa sababu karatasi ilikuwa ya Kiingereza na saa ukutani ilikuwa inakwenda.

Mwalimu wa taaluma akasema huyu tunamchukua, tena tunamtaka sana. Huyu mwingine mlete mwaka mwingine akishajua kusoma. Baba Kulwa akaomba. Akasema hawa ni mapacha, kwetu hawatenganishwi. Wakamwambia wanaelewa, baba, lakini nafasi ni hiyo moja. Ikabidi aamue pale pale, amesimama ofisini na kofia mkononi, watoto wote wawili wanamtazama.

"Nilifikiri," akaniambia, "nikimrudisha na huyu anayeweza, nitakuwa nimewaua wote."

Akatumia neno hilo, kuua.

Kulwa alimshika Doto gauni. Matroni akamfungua vidole taratibu, kimoja kimoja, anambembeleza. Alilia hadi wakatoka getini bado wanamsikia. Doto hakulia. Hadi Lamadi hakulia, hadi hapa hakulia. Alishuka, akamsalimia Mayu vizuri, akapita ndani.

Baba Kulwa akaniuliza, angewarudisha wote ningesema nini? Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nikatafuta ukali, nikaukosa. Yeye amekimbiza, mimi nimesubirisha, na kati yetu mtoto mmoja yupo Mwanza analia na mwingine yupo hapa halii. Leo asubuhi amerudi ziwani. Hakucheka mlangoni.

Mayu hali chakula cha nyumba hii. Anakoroga uji wake mwenyewe, anakaa karibu na Doto, kila mara anamgusa paji la uso kuona kama joto limeanza. Akiwa na amani na mimi ananiita mkwe. Tangu jana ananiita mwalimu. "Mwalimu, mmekata damu." Nimemwambia mjukuu wake haumwi. Akasema bado.

Basi, leo.

Nimetoka kanisani nikamkuta Doto uani na kitabu. Moyo ukaruka kwa furaha kabla sijamwangalia vizuri, maana Doto hajawahi kuchukua kitabu mwenyewe. Nikasogea. Kidole kilikuwa kinakimbia. Anaruka maneno, anabahatisha, anarudi, anajigonga paji la uso kwa kiganja, anaanza upya. Jasho linamtoka. Mabega yamepanda hadi masikioni.

Nikamwambia twende tukachume majani ya kunde. Akatikisa kichwa. Nikamwita kula, akasema hana njaa. Nikamwambia basi leta nikusaidie taratibu kama siku zote, akasema, "Taratibu hapana."

Mchana akanifuata chumbani. Akasimama mbele yangu, akafungua, akasoma. Ukurasa mzima. Maneno magumu aliyavunja akayapita, mengine aliyakosea, lakini hakusimama hadi nukta ya mwisho, na mwendo ule sijawahi kuusikia mdomoni mwake. Karibu mwaka mzima nimekuwa nikiuomba ukurasa huo kwa Mungu. Mama mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilikuwa natazama mabega yake.

Akafunga kitabu. Akapiga magoti, kama watoto wa huku wanavyopiga magoti wakimwomba mkubwa kitu.

"Mama, naomba unichape. Kama zamani. Nikikosea unichape, nijue haraka."

Nikasema hapana. Nikamwinua, nikamkumbatia, nikamwambia maneno mengi, kwamba Kulwa hajaenda kwa sababu yake, kwamba hatamwacha, kwamba tutakwenda kumwona siku ya wazazi. Alikaa mikononi mwangu mgumu kama ubao, akasubiri nimalize. Halafu akajitoa, akaniangalia usoni bila hasira yoyote.

"Kwa hiyo Mama hutaki nimfikie."

Wala halikuwa swali. Mayu alikuwa mlangoni, alisikia yote. Doto alirudi uani. Nikiandika hapa namsikia, anasoma kwa sauti, anajikaripia.

Kesho shule zinafunguliwa. Nitamshika mkono hadi darasa la nne, akae na watoto waliokuwa nyuma yake, kwenye dawati ambalo kwa mara ya kwanza halina Kulwa upande wa pili. Jioni ataniomba tena, namjua. Nitamwambia hapana, na ataona nimemfungia njia ya kwenda kwa mwenzake. Keshokutwa ataniomba tena. Nimeapa sitainua mkono, nimeapa na hapa nimeandika ili wote mnaopita mnishike kwa maneno yangu.

Lakini niwe mkweli hadi mwisho. Alipopiga magoti pale, kabla sijasema hapana, nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nafikiria. Kwa sababu ule ukurasa, jamani, aliusoma.